Kelele za Samaki na Habari za Mwamba Wetu

Mvuvi yeyote wa Mombasa aliyewahi kumtoa karamamba kwenye ndoana anajua kwamba samaki huyu hafi kimya. Ukimshika anaguna. Ukimtupa ndani ya dau anaguna tena, na mguno wake unausikia hata kama kusi imechacha na mawimbi yanapiga ubavuni. Mjomba wangu, ambaye amevua kwa mshipi na malema tangu ujana wake, haoni cha ajabu hapo. "Analalamika," aliniambia. "Ungekuwa wewe ungenyamaza?"

Kwangu mimi ni ajabu kubwa, na kadiri ninavyosoma habari za sauti za samaki ndivyo ajabu inavyozidi. Nimelelewa na watu wa bahari, na bado niliishi miaka mingi nikidhani kwamba chini ya maji kuna kimya, na kwamba mguno wa karamamba ni kituko chake peke yake. Sivyo. Chini ya mashua zetu, nje ya mwamba wa Nyali, ndani ya mlango wa Kilindini, mchana na usiku, kuna makelele yasiyokatika, na sehemu kubwa ya makelele hayo ni mazungumzo.

Tuanze na mguno wenyewe. Samaki hana koo la sauti kama letu wala mapafu ya kusukuma pumzi. Alichonacho karamamba ni meno ya ziada ndani kabisa ya koo, nyuma ya kinywa, ambayo kazi yake ni kusaga chakula. Akiyasaga matupu, yanakwaruzana, na mkwaruzo ule unafika kwenye kibofu cha hewa kilicho karibu, nacho kinatetemeka na kuikuza sauti. Kibofu hicho umekiona mara nyingi bila kukijali. Samaki akipasuliwa sokoni, ni kile kifuko cheupe kinachong'aa, kimegandamana na uti wa mgongo juu ya matumbo. Mpasuaji hukikwangua kwa ncha ya kisu na kukitupa pamoja na taka nyingine. Kazi yake kubwa ni kumwezesha samaki kukaa kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kupanda. Lakini aina nyingi za samaki wamekigeuza pia kuwa chombo cha sauti.

Bingwa wa chombo hicho ni samaki mmoja wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye sura nzito na kinywa kipana, ambaye jina lake la kisayansi ni Opsanus tau. Dume wake ana misuli iliyoshikana na kuta za kibofu, na misuli hiyo hujikaza na kulegea kama mara 200 kwa sekunde moja. Wanasayansi wanaihesabu miongoni mwa misuli yenye kasi kuliko yote kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Hutumia kasi hiyo kumwita jike aje kutaga kwenye shimo alilolitayarisha.

Wengine wana njia zao. Hongwe, yule kambale wa baharini ambaye mwiba wake umewatoa wengi machozi, ni wa kundi la samaki wanaoweza kuuzungusha mwiba wa ubavuni ndani ya tundu lake la mfupa hadi ukwaruze na kulia. Kikande ana magamba magumu nyuma ya shavu, sehemu ambayo kibofu cha hewa kinakaribia sana ngozi. Akipunga pezi lake la ubavuni, magamba yale yanasukumwa juu ya kibofu na sauti inatoka. Na yule samaki mdogo mwenye mistari myeupe anayeishi katikati ya minyiri ya anemoni, mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, hana haja ya kibofu: hufungua taya na kulifunga ghafla, na meno ya juu yakigongana na ya chini sauti husafiri. Jambo hili lilielezwa kwa kina mwaka 2007 na kundi la watafiti lililoongozwa na Eric Parmentier wa chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. Baadaye ikaonekana kwamba kadiri samaki huyo anavyokuwa mkubwa ndivyo sauti yake inavyokuwa nzito. Katika anemoni moja mkubwa kuliko wote ndiye jike, ndiye mwenye amri, kwa hiyo mwenziwe aliyejificha anaweza kumjua mwenye nyumba kwa kumsikia tu.

Kuna utafiti mwingine wa kundi hilohilo ambao naupenda zaidi, wa mwaka 2005. Waliwarekodi samaki wa anemoni wa aina moja, Amphiprion akallopisos, ambaye yuko pia hapa Afrika Mashariki. Wengine walikuwa wa Madagaska, wengine wa Indonesia. Samaki ni walewale, bahari ni Hindi ileile, lakini sauti za ugomvi zilitofautiana. Sisi ambao tunamtambua mtu wa Lamu, wa Mvita na wa Unguja kabla hajamaliza salamu, tunapaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko watu wengi.

Heringi nao, ndugu wa mbali wa simu na dagaa wetu, hutoa hewa kupitia tundu lililo karibu na njia ya haja, na mapovu yale hulia kwa mfululizo wa ti-ti-ti za kasi. Sauti hiyo iliitia taabu serikali nzima. Mwaka 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba karibu na kituo cha wanamaji cha Karlskrona, Uswidi. Tangu hapo jeshi la wanamaji la Uswidi likawa macho, na kwa miaka mingi vyombo vyake vya kusikiliza chini ya maji viliendelea kunasa mlio lililoamini kuwa wa nyambizi za kigeni. Meli zikatumwa, maneno makali yakatamkwa. Katika miaka ya 1990 wanasayansi Magnus Wahlberg na Håkan Westerberg waliitwa kuusikiliza ule mlio uliokuwa siri ya jeshi, nao wakaonyesha kwamba unatoka kwa heringi.

Wamarekani walikuwa wamelionja jambo la namna hiyo mapema zaidi. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, waliweka haidrofoni, yaani maikrofoni za kuzamishwa majini, kwenye mlango wa ghuba ya Chesapeake ili kuzisikia nyambizi za Wajerumani. Samaki walipoanza kulia kwa wingi, vyombo vilijaa kelele hadi havikufaa kwa kazi. Baada ya vita jeshi liligharimia utafiti wa kujua nani analia namna gani, na kazi hiyo ikaangukia kwa Marie Poland Fish wa Rhode Island. Mama huyu na wenzake walisikiliza aina zaidi ya 300 za viumbe wa baharini, na matokeo yake kuhusu samaki wa Atlantiki ya kaskazini magharibi yalichapishwa mwaka 1970. Bila shaka wavuvi walijua kabla ya wote hao. Aristotle aliandika miaka zaidi ya 2,300 iliyopita kwamba kuna samaki wanaoguna, na habari hizo ni za watu wa bahari. Huko Malaysia kulikuwa na mtaalamu wa kila kundi la wavuvi, juru selam, aliyeshuka majini akazamisha kichwa na kusikiliza samaki wako upande gani kabla nyavu hazijamwagwa.

Lakini samaki anasikiaje, maana hana sikio la kuonekana? Jibu liko kwenye sufuria. Ukichemsha kichwa cha changu kwa supu, kikiiva vizuri na mifupa ikaachana, tafuta nyuma ya macho, chini ya ubongo. Utapata vijiwe viwili vyeupe kama kaure, vyembamba pembezoni, vimechongoka upande mmoja, na juu yake kuna mfereji mwembamba unaoweza kuuhisi kwa ukucha. Watoto wa kwetu huviokota na kuvichezea. Hivyo ni vijiwe vya sikio. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo wimbi la sauti likipita maji yanatikisika na samaki anatikisika nayo. Vijiwe ni vizito zaidi, vinachelewa kufuata. Chini yake kuna vinywele vidogo sana vilivyounganishwa na mishipa ya fahamu, na ile tofauti ya mwendo kati ya mwili na kijiwe ndiyo vinywele vinayoisoma kama sauti. Kijiwe hicho hicho kinaongezeka tabaka kwa tabaka samaki anavyokua, na wataalamu wa uvuvi hukikata na kuhesabu pete zake ili kujua umri wa samaki. Kitu kikubwa kuliko punje ya mchele kidogo tu, kimebeba umri wa mwenyewe na dunia yote aliyoisikia.

Na dunia hiyo ni pana. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na haizuiwi na giza wala tope. Macho hayafiki mbali chini ya maji hata siku ya kaskazi shwari. Ndiyo maana naona si ajabu kwamba samaki wengi hivyo wameichagua sauti. Mwaka 2022 Aaron Rice wa chuo kikuu cha Cornell na wenzake walipitia familia zote za samaki wenye mapezi yanayoshikiliwa na vijiti vya mfupa, kundi lenye zaidi ya aina 30,000. Walikadiria kwamba thuluthi mbili ya aina hizo ziko katika familia zinazotumia sauti kuwasiliana, na kwamba uwezo huo ulizuka wenyewe angalau mara 33, wa kwanza miaka kama milioni 155 iliyopita. Mwaka huohuo watafiti wengine walipohesabu samaki waliothibitishwa kwa kurekodiwa au kuchunguzwa, walifika aina 989. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni kazi ya vizazi.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika, kwenye mwamba.

Ukizamisha haidrofoni karibu na mwamba wenye afya katika bahari ya joto, kitu cha kwanza kukupiga masikioni si samaki. Ni kamba wadogo, wafupi kuliko kidole, wenye gando moja kubwa kupita kiasi. Wakilifunga gando hilo, maji yanachomoka kwa kasi hadi kiputo kinaumbika, na kiputo kikijipasua ndipo mlio unatoka. Hilo lilithibitishwa kwa kamera za kasi mwaka 2000. Maelfu kwa maelfu yao wakilia pamoja, ni karai la viazi kwenye mafuta ya moto, mchana na usiku. Juu ya mchakaliko huo ndipo unapowasikia samaki: miguno, milio ya kugonga, kunguruma, vilio vya kupanda na kushuka. Mchana kuna pia kuguguna kwa pono, anapokwangua matumbawe kwa meno yake. Jua likizama pono analala ule usingizi ambao kila Mswahili ameuimba, na wengine wanapokezana. Alfajiri na magharibi huwa ndizo saa za kelele nyingi.

Mwamba uliokufa haulii hivyo. Unafifia. Na hapa ndipo wanasayansi walipopata kitu cha thamani sana, kwa sababu vifaranga wa samaki wa mwamba hukulia kwenye maji makuu, mbali, na wanaporudi kutafuta makazi husikiliza. Steve Simpson na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba samaki wachanga huja zaidi kwenye vijiwamba vilivyowekewa spika yenye sauti za mwamba. Mwaka 2019 Tim Gordon wa chuo kikuu cha Exeter akapiga hatua nyingine. Kwenye mwamba mkuu wa Australia, mahali palipokuwa na matumbawe yaliyokufa, waliweka spika zinazopiga sauti za mwamba wenye afya kwa siku 40. Pale penye sauti samaki waliongezeka mara mbili ya pale pasipo na sauti, na aina zao zilizidi kwa nusu. Samaki hao si wa kupendeza macho tu: wako walao mwani, wanaousafisha mwamba ili tumbawe changa lipate pa kushika.

Kipo pia kisa cha Sulawesi, Indonesia. Miamba ya visiwa vya huko ilivunjwavunjwa na wavuvi wa baruti, ikabaki kokoto. Watu wakaotesha matumbawe upya kwenye vyuma vilivyounganishwa chini ya bahari. Mwaka 2021 watafiti, akiwemo Tim Lamont, walichapisha waliyoyasikia: sehemu zilizooteshwa zilikuwa na sauti nyingi na za aina nyingi, zikikaribia kabisa miamba ambayo haikuwahi kuharibiwa, na baadhi ya sauti hizo hazikuwa zimewahi kurekodiwa popote. Macho yangeona matumbawe yamerudi. Masikio yalithibitisha kwamba wenyeji wamerudi.

Nikisoma hayo nafikiria kwetu. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1986, na mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño likayapausha matumbawe ya pwani yetu yote, mengi yakafa. Wataalamu wetu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya pale Mkomani, na wa CORDIO, shirika la utafiti wa bahari, wamezamia miaka na miaka kuhesabu matumbawe na samaki, na kazi yao ndiyo tunayoitegemea. Lakini mzamiaji ana mipaka. Hashuki usiku kila siku. Kusi ikivuma kuanzia Aprili hivi, mawimbi yanavunja na maji yanachafuka, na kwa miezi mingi mwamba unabaki bila mtu wa kuutazama. Kinasa sauti kilichofungwa kwenye jiwe hakijali. Kinakaa pale kusi yote, kinaamka kila baada ya dakika kadhaa, kinarekodi, kinalala. Ningetoa mengi kusikia mwamba wa Nyali ulivyokuwa ukilia mwaka 1997. Mwaka 2050 kutakuwa na kijana wa Mombasa atakayetaka kuusikia ulivyolia wakati wetu, na huyo tunaweza kumpa.

Kuna jambo la haraka zaidi. Tunaishi kwenye bandari. Meli za makontena zinaingia Kilindini usiku na mchana, feri za Likoni hazilali, na kila rafadha inayozunguka inatengeneza mapovu yanayopasuka na kuvuma. Uvumaji huo ni mzito, na unaangukia palepale samaki wengi wanaposemea, chini ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Mwaka 2016 Simpson na wenzake walionyesha madhara yake: samaki wadogo wa mwamba waliposikilizishwa kelele ya injini za boti, walipaparika na kuchelewa kukimbia, na adui yao aliwala zaidi ya mara mbili ya kawaida. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wa kupunguza kelele za meli mwaka 2014 na kuufanyia marekebisho mwaka 2023, lakini ni wa hiari. Sisemi bandari ifungwe, nusu ya mji huu inakula kwa bandari. Nasema mtu anapotathmini athari za gati jipya au za kuchimba mlango, aitaje sauti pamoja na tope na mafuta. Boti za watalii nazo zinaweza kupunguza mwendo juu ya mwamba bila kupoteza hata shilingi.

Mjomba nilipomsimulia haya yote alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wakishajua samaki wako wapi, watamwambia nani?"

Ni swali zito. Tafi wa pwani yetu ya kusini, upande wa Msambweni, hukusanyika kutaga karibu na mwezi mpevu. Wavuvi walijua, na watafiti walithibitisha kwa kuwafunga samaki vifaa vidogo vinavyotoa ishara ya sauti. Huko Karibea chewa hawahitaji kufungwa kitu: madume huvuma wenyewe kwa sauti nzito wakati wa kutaga, na haidrofoni zimetumika kujua lini na wapi wanakusanyika, mwaka baada ya mwaka. Kwa mlinzi wa bahari hiyo ni neema. Kwa mwenye nyavu kubwa ni ramani ya hazina.

Mfano wa kutisha uko Meksiko, kwenye mdomo wa mto Colorado. Kuna samaki aitwaye corvina anayefika pale kwa mamilioni kila mwaka kutaga. Madume hulia kwa pamoja kwa nguvu ambazo Brad Erisman na Timothy Rowell walizipima, wakaeleza mwaka 2017 kwamba ni kishindo kinachoweza kudhuru masikio ya mamalia wa baharini. Wavuvi hawahitaji chombo chochote. Wanazima injini, wanausikia mvumo kupitia mwili wa boti, wanamwaga nyavu papo hapo. Boti kama 500 huweza kutoa samaki hadi milioni 2 katika siku 20 za uvuvi. Samaki anayemwita mwenziwe anamwita na mwindaji wake.

Ndiyo maana nadhani sauti za maeneo ya kutagia zisipelekwe kwanza kwenye mtandao wala kwenye jarida la mbali. Zipelekwe kwa kamati za wavuvi wa fukwe zenyewe, wao ndio waamue mahali gani patajwe na mahali gani pasitajwe. Tuna watu wanaoaminika kwa kazi hiyo. Kule Kuruwitu, Kilifi, wenyeji walijifungia wenyewe kipande cha bahari yao zaidi ya miaka 15 iliyopita, wakabishana, wakavumilia, samaki wakarudi, na mwaka 2017 dunia ikawapa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ningeanzia pale: kinasa kimoja ndani ya eneo lililofungwa, kingine nje ya maboya, vyote vikiwashwa mwezi mmoja mzima wa kaskazi kuanzia mwandamo hadi mwandamo. Na kabla mtaalamu yeyote hajafungua kompyuta, hedifoni wavae kwanza wavuvi, waseme yupi wanamtambua.